Redio ya barazani: Kinachosikika kwa wote hakifichiki

Pita mitaa ya Mikindani jioni moja baada ya swala ya magharibi, uangalie baraza za nyumba. Watu wapo kama zamani. Mkeka umetandikwa, upepo wa bahari unaingia, watoto wanacheza mlangoni. Lakini kila mtu yuko kwenye simu yake. Baba anafuatilia mpira. Kijana wa kiume amevaa hedifoni, kichwa kinatikisika taratibu. Binti anacheka peke yake na vichekesho vya mtandaoni. Mama anasikiliza kaswida aliyotumiwa na dada yake wa Dar es Salaam. Mwenye redio ni bibi peke yake. Ameiweka karibu na sikio na sauti ameipunguza, asije akawakera wengine.

Na mara nyingi bibi huyo ndiye wa kwanza pale nyumbani kujua nani amefariki Naliendele, kama bahari itachafuka kesho, na korosho zimeuzwa mnadani kwa shilingi ngapi.

Wiki hii ukurasa wetu unamtazama bibi huyo na redio yake. Hatukusudii kuisema vibaya simu. Simu imeokoa wagonjwa, imeleta fedha za ada na imewakutanisha ndugu waliopotezana. Swali letu ni la kifamilia. Nyumba inapoacha kusikiliza kitu kimoja kwa pamoja, nani anapata hasara? Kwa mkoa kama Mtwara, jibu linagusa fedha za msimu, usalama wa watoto na amani ya ndoa.

Redio haikuhitaji barabara

Wazee wa Kusini wanajua kwa nini redio ilipewa heshima kubwa kiasi kile. Kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 550. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, msafiri alivuka Mto Rufiji kwa kivuko, na masika yalipokolea barabara ilikuwa matope matupu. Safari ilihesabiwa kwa siku. Gazeti lilipofika, habari zake zilikuwa zimeshapoa.

Redio haikusubiri kivuko. Sauti ya Dar es Salaam ilianza kurusha matangazo mwaka 1951, ikawa Shirika la Utangazaji Tanganyika mwaka 1956, na mwaka 1965 ikawa Redio Tanzania Dar es Salaam, RTD kwa kifupi. Kwa karibu miaka 30 iliyofuata, mtu wa Bara aliposema "redio imesema", hakuna aliyemuuliza ni redio gani. Sheria ya mwaka 1993 ndiyo iliyofungua mlango kwa vituo binafsi, na Radio One ikaanza mwaka 1994.

Nyumba yenye redio ilikuwa na taratibu zake. Redio ilikuwa ya baba. Ilikaa juu ya meza yenye kitambaa cha kufuma, na mtoto hakuigusa bila kutumwa. Waya wa antena ulipandishwa mwembeni. Betri zilipochoka zilianikwa juani mchana kutwa, zipate nguvu kidogo ya kuifikia taarifa ya habari ya usiku. Sauti ilipoanza kukoroma, kila mtu alinyamaza na shingo zikasogea mbele.

Aliyekuwa na redio alikuwa na wageni. Saa ya habari ilipofika, jirani alipiga hodi, akakaribishwa, akakaa. Wakina mama walisikiliza wakiwa jikoni au uani, mikono ikiendelea na mchele. Habari ilipokwisha ndipo mazungumzo yalipoanza. Huyu amesikia hivi, yule amesikia vile, na mtu mzima mmoja anawasuluhisha. Kilichosikika kilipimwa papo hapo na watu wengi, kabla hakijageuka uvumi.

Watu milioni 2 katika somo moja

Serikali ya wakati ule iliitambua nguvu hiyo, ikaitumia. Mwaka 1971, nchi ilipotimiza miaka 10 ya Uhuru, iliendeshwa kampeni ya elimu kwa redio iliyoitwa Wakati wa Furaha. Mwaka 1973 ikafuata kubwa kuliko hiyo, Mtu ni Afya.

Utaratibu wake ulikuwa rahisi. Wanakijiji walijiunga katika vikundi. Kila wiki kikundi kilikusanyika kwenye redio, kikasikiliza kipindi cha RTD, kikasoma sehemu ya kijitabu, kisha kikajadili: haya tuliyosikia, hapa kwetu yakoje, na tufanye nini? Kampeni ilidumu wiki 12, na watu wanaokaribia milioni 2 walishiriki nchi nzima. Walichimba vyoo, wakasafisha visima, wakafyeka nyasi zilizozunguka nyumba ili kupunguza mbu.

Tujiulize nini kilichochimba vyoo vile. Sauti ya mtangazaji peke yake isingeweza. Kilichofanya kazi ni dakika zile baada ya kipindi, watu waliosikia jambo moja walipotazamana usoni. Baada ya kusikia pamoja na majirani 12 kwamba choo kinazuia minyoo, ilikuwa vigumu kwa baba kurudi nyumbani na kudai hajui.

Ndivyo ilivyokuwa pia kwa Twende na Wakati, mchezo wa redio ulioanza mwaka 1993. Ulizungumzia uzazi wa mpango na Ukimwi kupitia maisha ya watu wa kubuni ambao wasikilizaji waliwachukia na kuwapenda kama jirani zao. Kwa miaka 2 ya mwanzo eneo la Dodoma halikurushiwa mchezo huo, makusudi, ili watafiti walinganishe. Walikuta kwamba kule mchezo uliposikika, wanandoa wengi zaidi walizungumza wao kwa wao kuhusu idadi ya watoto na kutumia uzazi wa mpango. Jambo ambalo mke aliona haya kulianzisha, mchezo ulilianzisha kwa niaba yake. Alichobakiza ni kumuuliza mumewe: "Umemsikia yule leo?"

Hesabu ya korosho

Sasa turudi kwenye baraza letu la Mikindani, au twende mbele zaidi, Tandahimba, Newala na Nanyamba, mwezi wa Oktoba.

Oktoba ni mwezi ambao uso wa Mtwara hubadilika. Minada ya korosho inaanza. Mkulima anapeleka mzigo wake chama cha msingi, unapimwa, unakwenda ghala kuu, na chama kikuu cha ushirika, MAMCU kwa upande wa Masasi na Mtwara au TANECU kwa Tandahimba na Newala, kinauingiza mnadani. Mfumo huu wa stakabadhi ghalani umekuwepo tangu msimu wa 2007/08. Bei inajulikana siku ya mnada, na fedha huingia baadaye kwenye akaunti ya mkulima baada ya makato.

Angalia nani anajua nini katika mlolongo huo. Korosho zimepaliliwa na familia nzima. Mama ameziokota chini ya mikorosho, amezianika, amechambua mbovu. Watoto wamebeba ndoo. Lakini akaunti, katika nyumba nyingi, ina jina la baba peke yake, na ujumbe wa benki unaingia kwenye simu ya baba peke yake. Ikiwa na bei ya mnada nayo inaishia kwenye simu hiyo hiyo, basi mtu mmoja tu ndiye anayejua mwaka mzima wa kazi umeleta nini.

Redio inapoitangaza bei kwa sauti, mambo yanabadilika. Chukua mfano wa bei inayokumbukwa na kila mtu Kusini. Oktoba 2018 wakulima walizikataa bei za mnadani, na Novemba 12 Rais John Magufuli akatangaza kwamba Serikali itanunua korosho zote kwa Sh3,300 kwa kilo. Mama aliyejua kwamba nyumbani kwake zilipimwa kilo 600 hakuhitaji kumuuliza mtu. Kilo 600 mara Sh3,300 ni Sh1,980,000. Hesabu hiyo hata mtoto wa darasa la tano anaiweza, akiwa na kipande cha mkaa na ukuta.

Makato yapo na malipo yanaweza kuchelewa. Lakini kujua ni Sh1,980,000 kabla ya makato ni tofauti kabisa na kuletewa laki mbili mezani na kuambiwa mwaka huu soko lilikuwa baya. Redio haiwezi kumlazimisha mume awe mkweli. Inachofanya ni kuupandisha uongo bei.

Na tusimwonee mume. Redio inamlinda yeye pia. Mwaka ambao bei imeshuka kweli, baba anayerudi na fedha kidogo hatazamwi kwa jicho la shaka, kwa sababu nyumba nzima ilisikia. Hakuna haja ya mke kwenda kwa jirani kuulizia, wala ya mashemeji kuitwa kikao. Mtoto aliyeahidiwa baiskeli naye anaelewa kwa nini ahadi imesogezwa mbele.

Lipo na suala la kangomba. Mnunuzi anayepita vijijini na bakuli lake kabla ya msimu, akinunua korosho kwa bei ya kutupwa, anategemea vitu 2: shida ya mwenye nyumba na kutokujua kwake. Shida redio haiiwezi. Kutokujua inaiweza. Bibi aliyesikia bei ya msimu uliopita ikirudiwa redioni mara 10 hatoi kilo zake kwa robo ya thamani bila kutetereka.

Salamu, tanzia na mtu aliye mbali

Wengi wetu tuliokua na RTD tunakumbuka kadi za salamu. Mtu alinunua kadi, akaijaza majina ya ndugu na marafiki kuanzia Mtwara hadi Bukoba, akaandika ujumbe na wimbo anaouomba, akaiposta. Wiki zilipita. Halafu siku moja mtangazaji akasoma jina lako, na mtaa mzima ukakupigia makofi kama umefaulu mtihani. Wapo waliojulikana nchi nzima kwa salamu tu, hawajawahi kuonekana sura.

Upande wa pili wa salamu ulikuwa matangazo ya vifo. Hapo redio ilipunguzwa wala haikuzimwa, na watu walisikiliza majina ya ukoo mmoja baada ya mwingine: mtoto wa fulani, mjomba wa fulani, habari ziwafikie ndugu walioko Kitaya, Mahurunga na Msimbati. Familia iliyotawanyika ilikusanywa kwa sauti moja. Kwa watu wanaomtegemea mjomba katika mambo mazito kama tulivyo Wamakonde, kuzikosa habari za msiba wa mjomba ni aibu isiyofutika kirahisi.

Haya si ya kwetu peke yetu. Marekani, katika milima ya Kentucky, upo mji uitwao Whitesburg wenye watu wasiofika 2,000. Mji huo una redio yake ya kijamii, WMMT, iliyoanza mwaka 1985. Magereza yalipojengwa maeneo ya karibu na kujazwa wafungwa waliotoka miji ya mbali, familia zao hazikuwa na nauli ya kuwatembelea. Redio ikaanzisha kipindi cha usiku ambamo mama, mke au mtoto anapiga simu, anatoa salamu zake, na mfungwa anazisikia akiwa ndani. Waliokuwa jikoni mwao mjini nao wanazisikia, na hivyo mfungwa asiyejulikana anakuwa mtoto wa mtu. Msikilizaji wa Mtwara angekielewa kipindi hicho bila kufasiriwa. Ni salamu zetu zile zile.

Leo ujumbe wa msiba unafika kwa WhatsApp ndani ya dakika 5, na hilo ni jambo jema. Lakini unawafika waliomo kwenye kundi. Bibi hayumo. Shangazi aliyegombana na msimamizi wa kundi ametolewa. Jirani aliyekula na marehemu kwa miaka 40 hana simu ya aina hiyo. Tangazo la redio halimuulizi mtu kama ni mwanachama.

Wimbo mmoja, vizazi vitatu

Muziki nao ulikuja kwa njia hiyo hiyo. Kampuni za kurekodi zilikuwa chache, kwa hiyo studio ya RTD ndiyo iliyohifadhi sauti za bendi nyingi za nchi hii. Mtu wa Mtwara aliijua Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe, Western Jazz na NUTA Jazz bila kuvuka Rufiji. RTD pia ilirekodi ngoma za asili mikoani, na ndiyo maana hata mtu wa Kanda ya Ziwa ambaye hajawahi kumwona Mmakonde alijua neno sindimba.

Wazee wetu walikuwa na mipaka yao katika hilo. Si kila wimbo wa unyago au jando ni wa kurushwa hewani. Zipo nyimbo zenye mafunzo ya mwali, na mahali pake ni ndani, kwa somo na kungwi, si sebuleni mbele ya baba mkwe. Lakini ngoma za furaha, za mavuno na za kuwapokea vijana kutoka jandoni zilikuwa za wote. Tamasha la MaKuYa, linaloleta pamoja ngoma za Wamakonde, Wamakua na Wayao mjini Mtwara, limeonyesha kwamba vijana bado wana hamu nazo wanapozisikia zikipigwa vizuri.

Na vijana wana fahari yao mpya. Harmonize, mtoto wa Tandahimba, alipojiita Konde Boy na lebo yake akaiita Konde Gang, jina ambalo wengine walilitumia kumtania Mmakonde akalipandisha jukwaani. Bibi asiyeijua Bongo Fleva hata kidogo analijua jina hilo.

Wimbo wa Bongo Fleva ukipigwa kwenye redio ya barazani, mjukuu anaimba, mama anauliza: "Hayo maneno maana yake nini?" Mjukuu anajiumauma. Baba anakohoa. Bibi anasema zamani walisema jambo hilo hilo kwa mafumbo, na anatoa mfano mmoja unaomfanya baba akohoe zaidi. Hapo yamefanyika malezi bila mtu kuitwa kikao. Wimbo huo huo ukiingia kwenye hedifoni, mzazi hana habari. Hajui mtoto anasikiliza nini, mara ngapi, wala usiku wa saa ngapi. Wazazi wengi wanaolalamika kwamba hawawajui watoto wao wangeanza kuwajua kwa kusikia nyimbo zao kwa sauti.

Siku ya kimbunga

Kuna siku ambazo kusikia pamoja ni suala la uhai. Aprili 2019, Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitoa tahadhari ya Kimbunga Kenneth kwa mikoa ya Kusini. Aprili 25 shule na ofisi mjini Mtwara zilifungwa, na wakazi wa mabondeni na kando ya bahari wakatakiwa kwenda sehemu salama. Kimbunga kikatua ng'ambo, jimbo la Cabo Delgado, kikaua watu na kubomoa nyumba kwa maelfu. Sisi tulinusurika. Wazee wa Lindi, wenye simulizi za kimbunga cha Aprili 1952, hawakuhitaji kubembelezwa. Mei 2024 kikaja Hidaya, na pwani yote ikakaa tena roho mkononi.

Katika siku kama hiyo simu huleta habari nyingi kuliko zinazohitajika. Picha ya mawimbi ya nchi nyingine inasambazwa kama ya Msimbati. Sauti isiyo na mwenyewe inasema bahari imeshameza Shangani. Ndipo thamani ya redio ya mkoani inapoonekana. Mtangazaji anajulikana kwa jina, anaishi mjini hapo hapo, na watoto wake wako kwenye hatari ile ile. Akisema uongo, kesho atakutana nawe sokoni.

Ndivyo ilivyo pia kwa habari za mpakani. Mto Ruvuma unatenganisha nchi, haukutenganisha koo. Wapo wenye shangazi Palma na wakwe Mocímboa da Praia, na kabla ya vita walivuka Kilambo kwenda harusini kama mtu anavyokwenda mtaa wa pili. Tangu mapigano yaanze Cabo Delgado Oktoba 2017, na hasa baada ya Palma kushambuliwa Machi 2021, kila tetesi inayovuka mto inamnyima mtu usingizi. Familia zenye ndugu upande ule zinahitaji habari iliyopimwa, na zinahitaji kuisikia zikiwa pamoja, ili mwenye hofu awe na wa kumshika mkono.

Tufanye nini nyumbani

Leo Mtwara ina vituo vyake. Jamii FM, Safari Redio na Newala FM vinatangaza kutoka mkoani kwa ajili ya watu wa mkoani. Vituo vya namna hii, hasa vya kijamii, haviendeshwi kwa utajiri. Watangazaji wengi ni vijana wanaojitolea, na matangazo ya biashara ni machache. Vinaishi kwa kusikilizwa. Msikilizaji anayepiga simu kusema daraja limebomoka au dawa hakuna zahanati ndiye anayekipa kituo kazi ya kufanya.

Hatusemi familia irudi mwaka 1973. Tunapendekeza mambo machache yanayowezekana hata kwenye nyumba yenye simu 5.

Kwanza, chagueni saa moja ya redio, mara moja au mbili kwa wiki, hedifoni zikae pembeni. Saa ya taarifa ya habari ya mkoa inafaa, kwa sababu baada yake kuna chakula na maneno. Simu nyingi za bei nafuu zina redio ndani yake. Haihitaji kununua kitu kipya.

Pili, wakati wa minada, mtoto mmoja apewe daftari la korosho. Aandike kilo zilizopimwa, tarehe, na bei iliyotangazwa. Daftari likae mahali ambapo kila mtu mzima wa nyumba analiona. Mwanamume asilichukulie kama upelelezi. Ni kumbukumbu ya shamba, na siku akiugua ndiyo itakayomsaidia mke kudai haki yao kwenye chama.

Tatu, mtumieni bibi salamu redioni, ajalisikia jina lake akiwa hai. Wengi wetu jina la bibi tunalitangaza mara moja tu, na siku hiyo yeye halisikii.

Nne, mjukuu mwenye simu ya kurekodi akae na bibi huyo jioni moja, arekodi nyimbo za ngoma anazozikumbuka na maana ya maneno yake ya Kimakonde. Vituo vyetu hutangaza kwa Kiswahili, kama kanuni zinavyotaka, na Kiswahili kimetuunganisha. Lakini wimbo wa lugha ya nyumbani unaweza kupigwa, na hautapigwa kama haujarekodiwa. Ule wa ndani ya unyago, bibi mwenyewe atasema huo hapana.

Tano, na hili ni la baba. Redio isirudi kuwa mali ya mtu mmoja. Zamani baba alishika kitufe, na wengine walisikia alichopenda yeye. Safari hii kitufe kizunguke. Siku ya mama iwe ya mama, siku ya kijana iwe ya kijana, na kila mtu avumilie wimbo wa mwenzake kwa dakika 4. Kuvumilia wimbo wa mtu ni mazoezi mepesi ya kumvumilia yeye mwenyewe.

Turudi pale barazani Mikindani. Bibi bado ana redio sikioni. Mnada wa wiki umeshafanyika, na mtangazaji anakaribia kusoma bei. Mtu mmoja anyooshe mkono, amwambie kwa heshima: "Bibi, hebu ongeza sauti, na sisi tusikie."